Mawasiliano ya kampuni ugenini: Kutafsiri maneno pekee hakutoshi

KAMPUNI inayotaka kujenga uhusiano mwema na wateja wa nchi za kigeni hulazimika kuzingatia mambo matatu: lugha ya wenyeji, mtandao wa kijamii wanaoutumia, na jinsi wanavyotaka kutazamwa na wageni. Mambo mawili ya kwanza hununulika kwa pesa. La tatu ndilo huziponza kampuni nyingi.

Mfano ni masaibu yaliyoikumba kampuni ya mavazi ya Italia, Dolce & Gabbana, nchini Uchina mnamo Novemba 2018. Kwa kuwa Facebook na Twitter, ambayo sasa huitwa X, zimefungwa nchini humo tangu 2009, kampuni hiyo ilitumia Weibo, mtandao wa Wachina wenyewe. Aidha, ilimtumia mwanamitindo wa Kichina na msimulizi aliyezungumza Kichina. Hata hivyo, video hizo zilimwonyesha mwanamke huyo akihangaika kula piza na tambi kwa vijiti, huku msimulizi akimwelekeza kana kwamba ni mtoto mdogo.

Wachina wengi walihisi kwamba wamedhihakiwa. Hasira zilipanda zaidi baada ya kusambaa kwa jumbe za kuitusi nchi yao, zilizotoka katika akaunti ya Instagram ya mmoja wa waanzilishi, Stefano Gabbana. Kampuni ilijitetea kwamba akaunti hiyo ilikuwa imedukuliwa. Maonyesho makubwa ya mavazi yaliyopangiwa jiji la Shanghai Novemba 21 yalifutwa siku iyo hiyo, nayo maduka ya mtandaoni, yakiwemo Tmall na JD.com, yakaondoa bidhaa zake. Waanzilishi wote wawili waliomba msamaha kwa video Novemba 23, lakini hasara ilikuwa imeshapatikana.

Namna ya kuomba radhi pia huwa na uzito wake. Julai 2015, kabla ya ziara ya Rais wa Marekani wakati huo, Barack Obama, shirika la habari la CNN liliitaja Kenya kuwa kitovu cha ugaidi. Wakenya walilishambulia kwenye Twitter kwa kauli ya #SomeoneTellCNN, waliyokuwa wameitumia pia Machi 2012 kupinga ripoti nyingine ya shirika hilo. Agosti 2015, mmoja wa wakurugenzi wake wakuu, Tony Maddox, alisafiri hadi Nairobi kumwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta ana kwa ana. Aliyekosewa alifuatwa kwake, tena na mtu mwenye cheo.

Kutokana na visa hivi, ni muhimu wenyeji wahusishwe kabla ya tangazo kutolewa, na wapewe uwezo wa kulisimamisha. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.