Redio za Mmarekani na usiku wa Kendwa

Chumba cha habari kilinibana wiki mbili nzima, sina hata muda wa kugusa hapa. Jumamosi nikatorokea Kendwa kupunga upepo, nikaishia kugeuzwa fundi! Nahodha mmoja, mzee wangu wa siku nyingi ambaye boti yake hupeleka watalii kwenye matumbawe ya Tumbatu, alikuwa ameachiwa zawadi na mgeni wa Kimarekani: wokitoki mbili, mpya kabisa ndani ya boksi.

"Mwanangu, wewe umesoma chuo kikuu. Niwekee chaneli hizi zisikilizane na redio ya botini."

Haya ami, lete.

Nilihangaika nazo karibu saa nzima. Chaneli zipo 22, na ya 16 naiona, namba ile ile ambayo kila nahodha anaijua kuwa ni ya kuombea msaada. Naita kwenye 16, redio ya botini kimya. Ndipo nikafungua kijitabu. Kumbe redio hizi ni za GMRS, huduma waliyotengewa raia wa Marekani wazungumze na familia zao. Chaneli 16 yao iko kwenye megahezi 462.575. Chaneli 16 ya baharini iko 156.8. Ni kama watu wawili waliopeana miadi "nyumba namba 16", mmoja akaenda Kikwajuni na mwingine Michenzani. Wataulaumu mtandao bure.

Kwao Marekani mambo ni mepesi. Mtu mzima analipia dola 35, anapata leseni ya miaka 10 inayotosha familia nzima, halafu wote wanaweka chaneli moja na toni moja. (Toni haifichi mazungumzo, jamani! Inakuzuia wewe tu usiwasikie wengine.) Hapa kwetu leseni ile ni karatasi tu, masafa yanaombwa TCRA. Nilipomwambia mzee, alinitazama kama vile nimeziharibu mimi.

Lakini swali likanikaa kichwani: nani aliyegawa namba hizi?

Jibu linaanzia kwenye maji ya baridi. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 Titanic ilipogonga barafu, meli ya Californian haikuwa mbali. Ilikuwa na redio. Ilikuwa na mtu wa redio pia, ila yeye alikuwa ameshazima mitambo na kwenda kulala. Baada ya msiba ule mataifa yakaanza kuandikiana sheria kuhusu meli gani lazima isikilize, na kwa saa ngapi. Mwaka 1947, kwenye mkutano wa Atlantic City, megahezi 156.8 zikatengwa kwa kuitana na usalama baharini. Ndiyo 16 yetu hiyo.

Unguja nayo imewahi kuwa sikio la dunia, ingawa vijana wengi hawalijui hili. Oktoba 1960 Uingereza na Marekani zilitia saini mkataba wa kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya anga hapa kisiwani, na mitambo ikawekwa Tunguu. Wanasiasa wa ZNP walipiga kelele kwamba hiyo ni hila ya kuleta makombora. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn akazunguka dunia, na alipopita juu ya Afrika Mashariki aliongea na watu wa kituo cha Zanzibar kwa redio, huku daktari akifuatilia mapigo ya moyo wake kutoka chini. Masafa yalishakubaliwa siku nyingi kabla hajaruka: megahezi 296.8. Dakika chache tu akawa amepita. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipokuja, mwaka haukwisha kituo kikawa kimeondolewa.

Basi kisiwa kilichomsikia mtu aliye angani, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kilikuwa kimelala. MV Spice Islander I ilikuwa njiani kwenda Pemba, imebeba watu kupita kiasi, ikazama upande wa Nungwi, si mbali na hapa Kendwa. Watu zaidi ya 600 waliokolewa, wengine wakiwa wameng'ang'ania magodoro. Miili takriban 200 ilipatikana siku zile za mwanzo, na wengi zaidi hawakuonekana tena. Wavuvi na boti za watalii za upande huu ndio walioingia majini. Mimi nilikuwa darasa la tano. Nakumbuka skuli, viti vitupu, na mwalimu aliyeshindwa kuita majina.

Nikamuuliza mzee: usiku ule redio yako ilikuwa wapi?

Akanyamaza kidogo.

"Ilikuwepo. Nilikuwa nazima kila jioni, betri isiishe. Habari nilizipata kwa simu, alfajiri. Sijui kama waliita, mwanangu. Hata wangeita, huenda redio yangu isingefika. Lakini mimi nilikuwa nimezima."

Sikuwa na la kumjibu. Nikazirudisha wokitoki ndani ya boksi lao, akaliweka juu ya kabati. Tuliswali Magharibi, tukarudi ufukweni kuvuta boti. Redio ya botini ilikuwa inakwaruza kwenye 16, waya wake umefungwa kwenye betri ya gari aliyoinunua kwa kazi hiyo tu. Nilipoaga saa nne usiku ilikuwa bado inakwaruza.