Ulemavu kama adhabu ya waovu katika hadithi

HADITHI nyingi hukamilika kwa mwisho unaoiridhisha hadhira: mwema hutuzwa, naye mwovu hulipwa kwa matendo yake. Malipo hayo huweza kuwa kifo, ufukara au kufukuzwa kijijini. Hata hivyo, katika fasihi ya mataifa mengi, mwovu hupofuka, hulemaa au hupooza, kisha hadithi ikaishia hapo kana kwamba deni limelipwa.

Kasoro ya mwisho wa aina hii ni kwamba hukumu haimwangukii mwovu peke yake. Humwangukia pia msomaji asiyeona au asiyeweza kutembea, ambaye hakutenda kosa lolote.

Mfano unaojulikana sana ni ngano ya Cinderella iliyokusanywa na ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm. Katika toleo la kwanza la mwaka 1812, dada wa kambo waliomtesa msichana huyo hawakupofushwa. Adhabu hiyo iliongezwa katika toleo la mwaka 1819, ambapo njiwa wanawadonoa macho siku ya arusi, jicho moja wakati wa kuingia kanisani na la pili wakati wa kutoka. Upofu wao wa maisha unaelezwa waziwazi kuwa malipo ya uovu na uongo.

Mwandishi Mwitaliano Carlo Collodi alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake kuhusu Pinocchio, kilichochapishwa mwaka 1883. Humo mna Mbweha anayejisingizia kuwa kiguru na Paka anayejifanya kipofu ili wamlaghai Pinocchio sarafu zake za dhahabu. Mwishoni, Paka amepofuka kwelikweli, naye Mbweha amezeeka na kupooza upande mmoja. Wanapoomba msaada, Pinocchio anawajibu kwa methali na kuendelea na safari yake.

Watoto wanaosoma kisa hicho huweza kujifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba ombaomba asiyeona huenda ni tapeli, na kwamba akiwa kweli haoni, basi huenda amejitakia. Mafunzo hayo yote mawili ni hatari mtoto anapoyabeba hadi barabarani.

Riwaya ya Jane Eyre ya Mwingereza Charlotte Brontë, iliyotoka mwaka 1847, ina sura tofauti kidogo. Bwana Rochester, aliyetaka kumwoa Jane ilhali amemficha mkewe ndani ya nyumba, anapoteza mkono mmoja na uwezo wa kuona nyumba hiyo inapoteketea. Yeye mwenyewe anayaona masaibu hayo kuwa hukumu ya Mungu. Baada ya kutubu na kumwoa Jane, jicho moja linaanza kuona tena.

Ajabu ni kwamba Brontë alianza kuiandika riwaya hiyo mwaka 1846 mjini Manchester, alipokuwa akimuuguza baba yake, mchungaji wa kanisa, aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Nyumbani kwake upofu ulikuwa maradhi yaliyotibiwa na daktari. Katika riwaya ukageuka kipimo cha dhambi na toba.

Mwanahistoria Mmarekani Paul Longmore, aliyeugua polio utotoni, alichunguza filamu na vipindi vya televisheni katika makala yake ya mwaka 1985. Alibainisha dhana tatu zinazojirudia: kwamba ulemavu ni adhabu ya uovu, kwamba wenye ulemavu wamejaa uchungu kwa yaliyowapata, na kwamba wanawachukia wasio na ulemavu na wangependa kuwaangamiza.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, suala hili linajitokeza katika Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya marehemu Ken Walibora. Mwalimu Majisifu, aliyejipatia sifa kwa mswada usio wake, ana watoto wenye ulemavu anaowaonea haya. Msomaji aliyezoea ngano za malipo huweza kuharakisha kuunganisha wizi wa baba na hali ya wanawe. Lakini watoto hao hawakuiba kitu. Kinachostahili lawama ni haya na dharau ya mzazi.

Tofauti hiyo si ya darasani tu. Zipo familia ambazo bado humficha mtoto mwenye ulemavu kwa kudhani kwamba ni laana au matokeo ya kosa la wazazi. Mtoto anayefichwa hukosa shule, matibabu na marafiki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha.

Waswahili husema hujafa hujaumbika. Wapo wanaoitumia methali hii kama tishio, kwamba anayemcheka mlemavu atalemazwa. Wakiitumia hivyo, wanaurejesha ulemavu kwenye orodha ya adhabu. Maana yake pana zaidi ni kwamba mwili wa kila binadamu unaweza kubadilika wakati wowote, awe mwema au mwovu. Mwandishi anayeizingatia maana hiyo atamtafutia mhusika mwovu malipo yanayotokana na uovu wenyewe: kufichuliwa, kupoteza cheo, kurudisha alichoiba.