Jinsi TANU Ilivyotafuta Umoja Katika Habari za Mali

Katika mazungumzo haya twataka kuwasimulia habari za chama kilichoonekana imara kwa nje, nacho kina nyufa kwa ndani. Chama hicho ni TANU, kilichoanzishwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954.

Tuanze na nchi yetu wenyewe. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 viti vya baraza vilikuwa 71, na TANU ilipata 70, na katika hivyo 58 havikuwa na mpinzani. Kiti kimoja tu kiliponyoka, nacho kilikuwa cha Mbulu. (Hanang ilikuwa ingali ndani ya Mbulu, hata watu wa Jorodom walihesabiwa humo.) Mgombea wa chama alikuwa Chifu Amri Dodo, naye alishindwa na Herman Sarwatt, aliyesimama peke yake. Lakini mtu asidhani kwamba Sarwatt alikuwa adui wa TANU. Alikuwa mwanachama, na baada ya kushinda aliketi pamoja na wenzake. Basi hapakuwa na ugomvi juu ya uhuru, bali juu ya nani asimame.

Uhuru ulipokuja, Desemba 1961, nyufa za namna hiyo zilizidi. Watu waliokuwa wakingoja jambo moja walishikamana. Jambo lilipofika, kila mmoja alianza kutazama sahani ya mwenziwe. Wafanyakazi walitaka mishahara, wakulima walitaka bei njema, na wakubwa wengine walijenga nyumba za kupangisha. Januari 1962 Julius Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili apate nafasi ya kukitengeneza chama.

Mwaka 1965 chama kilijaribu dawa nyingine. Katika kila jimbo wanachama wawili waliweza kushindana, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Yaliyotendeka Mbulu kwa ubishi sasa yalikuwa halali. Hata waziri wa fedha, Paul Bomani, mtu aliyekuwa kiongozi wa ushirika wa pamba, alikosa kiti chake.

Lakini kuchagua mtu si kuchagua njia. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya jeshi la kujenga taifa. Nyerere aliwarudisha makwao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadaye halmashauri kuu ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari 1967 Azimio likatangazwa. Kesho yake mabenki yalitwaliwa na serikali.

Twaona hapa akili ya pekee. Azimio halikuuliza ni nani mwaminifu, kwa kuwa kila mtu angejibu kwamba ni yeye. Liliuliza: una mishahara mingapi? Una hisa? Una nyumba ya kupangisha? Maswali hayo hujibiwa kwa karatasi, wala hayahitaji kiapo. Ndiyo maana wanachama wa kawaida, mkulima na mfanyakazi pia, walilipokea kwa matembezi marefu ya miguu. Wakubwa hawakulipenda wote. Julai mwaka ule ule Oscar Kambona, aliyekuwa katibu mkuu wa chama, aliondoka akaenda London.

Hata hivyo mali ya umma nayo yataka mahali pa kukaa. Katika miaka ya 1970 mashamba ya ngano ya shirika la serikali, kwa msaada wa Kanada, yalienea katika nyanda za Basotu chini ya Hanang, yakafikia kama ekari 100,000. Nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wabarabaig. Kwa mwenye mikate mjini huo ulikuwa uchumi wa taifa. Kwa mchungaji ulikuwa njia ya ng'ombe iliyofungwa. Wanakijiji wa Mulbadaw walipeleka shauri, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitangua hukumu hiyo.