Mkate, Tonge na Kitoweo: Historia ya Chakula cha Mkononi katika Mwambao wa Kazimia

Utangulizi

Neno sandwichi limeingia katika Kiswahili pamoja na hadithi yake. Inasimuliwa kwamba John Montagu, mkabaila wa Kiingereza wa karne ya 18 aliyekuwa na cheo cha Sandwich, alipenda kuletewa nyama katikati ya vipande viwili vya mkate ili asilazimike kuondoka mezani. Neno lenyewe linaonekana katika shajara ya mwanahistoria Edward Gibbon ya mwaka 1762. Hadithi hiyo imewafanya wengi waamini kwamba chakula kikavu kinachobeba kitoweo mkononi ni uvumbuzi wa Ulaya, na kwamba kwingineko kimeigwa tu.

Makala haya yanaichunguza imani hiyo kwa kuutazama mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, hususan Kazimia, bandari ya wilaya ya Fizi katika Kivu Kusini, iliyo kusini ya rasi ya Ubwari. Inadaiwa hapa kwamba utamu wa chakula cha namna hii hautokani na mkate peke yake wala kitoweo peke yake, bali na makutano ya viwili hivyo. Na kwamba katika mwambao huu makutano hayo yana historia iliyotoka katika bahari mbili.

Ngano kutoka mashariki

Ngano ilifika kandokando ya ziwa kwa njia ya misafara ya Bahari ya Hindi. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, ameandika kwamba Waarabu wa Kaze, yaani Tabora ya leo, walikuwa wakilima ngano. Mwaka 1871 Henry Stanley alipokutana na Livingstone mjini Ujiji, wafanyabiashara wa mji huo waliwaletea vyakula: Said bin Majid alipeleka vitumbua vya nyama ya kusaga, Muhammad bin Sali kuku wa mchuzi wa bizari, na Mwinyi Kheri nyama ya mbuzi na wali. Kwa hiyo, nyama iliyosagwa na kufinyangwa iweze kushikwa kwa vidole ilikuwa ikijulikana Ujiji kabla ya utawala wa wakoloni.

Upande wa magharibi wa ziwa, ngano ilipata njia nyingine. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Kibanga, karibu na Ghuba ya Burton. Kwa kanuni ya Kanisa Katoliki, Misa haiadhimishwi bila mkate wa ngano. Hivyo unga huo ulikuwa mzigo wa lazima hata pale ambapo wenyeji hawakuuhitaji mezani.

Aidha, ngano ilibeba hadhi. Katika jamii za misafara, muungwana alipambanuliwa na mshenzi kwa mavazi, kwa dini, na pia kwa chakula. Jina Kingwana, walilopewa Waswahili wa Kongo kwa lugha yao, linatokana na uungwana huo. Mkate na wali vikawa alama ya ustaarabu, na ugali ukadharauliwa.

Muhogo kutoka magharibi

Muhogo ulishika njia iliyo kinyume. Wareno waliuleta kutoka Amerika hadi pwani ya Atlantiki, nao ukapenya bara hatua kwa hatua. Burton aliukuta Ujiji mwaka 1858. Muhogo mchungu hauliwi hivi hivi: huloweshwa siku kadhaa ili sumu yake itoke, hukaushwa, kisha hutwangwa. Kule kuloweka huuchachusha, na uchachu huo ndio unaoupa ugali wa muhogo, uitwao bugali katika Kiswahili cha Kivu, ladha ambayo mahindi hayana. Hamira hufanya kazi inayokaribiana na hiyo katika ngano.

Mlaji hukata tonge, hulifinyanga kiganjani, hulibonyeza kwa kidole gumba hadi lipate shimo, kisha huchotea sombe iliyopikwa kwa mawese, au dagaa, waitwao ndagala, waliovuliwa kwa taa katika usiku usio na mbalamwezi. Kikavu kimeshika kiowevu, na mkono haukuchafuka sana. Kwa kazi yake, tonge hilo halipungukiwi na chochote kilichomo katika sandwichi.

Utamu watoka wapi?

Mkate wa tanuri wenyewe ni mkavu na hauna chumvi nyingi. Katika miji ya mashariki ya Kongo watu huupasua na kuupaka parachichi lililopondwa kwa chumvi, au karanga zilizosagwa. Mafuta ya tunda au ya karanga hulainisha ukavu, chumvi huamsha ladha, na pilipili huzuia mafuta yasikinaishe. Kanuni ni ile ile ya bugali kwa ndagala: kilichopoa hubeba kilichokolea. Kampala nako, chapati hukunjiwa mayai na kuitwa rolex. Ukavu umebadilika, kanuni imebaki.

Vita na hatima ya mkate

Tofauti ya ngano na muhogo hujitokeza zaidi wakati wa dhiki. Mwaka 1965, Ernesto Che Guevara na wapiganaji wa Kuba walipokuwa katika milima ya Fizi, mahitaji yao yalivushwa ziwa kutoka Kigoma. Njia ya ziwa ikifungwa, unga wa ngano na hamira hutoweka kwanza. Muhogo, kinyume chake, huweza kukaa ardhini miezi mingi ukimngoja mwenyewe. Hata hivyo, mkimbizi hana siku za kuloweka. Na muhogo usioloweshwa vya kutosha unaweza kuleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao umepata kutokea Kongo.

Vita vya 1996 viliwavusha watu wengi wa Fizi hadi kambi za Kigoma, ikiwemo Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huo. Huko mgao ulikuwa unga wa mahindi, na waliozoea muhogo wakalazimika kujifunza tonge jingine. Kuanzia 2005 baadhi yao walirejeshwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka.

Hitimisho

Katika Kilingala cha Kinshasa, mikate ni maandazi madogo ya mviringo, na mkate wa tanuri huitwa lipa, wingi wake mampa. Neno ni moja na la Kiswahili kwa umbo, lakini kiliwacho ni kingine. Ni kosa, basi, kuupima Uswahili wa meza ya Kazimia kwa ngano peke yake. Kipimo hicho kilikuwa cha waungwana wa misafara, nacho kiliwaweka nje ya ustaarabu watu waliojua kuondoa sumu katika muhogo na kuugeuza chakula kitamu. Wanaokusanya msamiati wa Kiswahili hawana budi kuyaandika maneno bugali, sombe na ndagala pamoja na maana zake, wala si kuyaacha kama makosa ya lahaja.