Bima ya Mtoto Hulipwa na Nani? Historia Fupi ya Mituweli nchini Rwanda

Bima ni neno fupi lenye maana pana. Watu wengi huchanga kidogo kidogo ili yule atakayefikwa na maafa asizame peke yake. Hata hivyo, bima ya mtoto ina utata wake. Mtoto hana kipato, wala hakuchagua nyumba ya kuzaliwa. Akishikwa na malaria usiku wa manane, matibabu yake hutegemea uamuzi uliofanywa na mtu mzima miezi mingi kabla ya homa kuanza. Ni nani basi anayepaswa kumlipia, na kwa hesabu gani? Historia ya mituweli, yaani bima ya afya ya jamii hapa Rwanda, yaweza kusomwa kama safari ndefu ya kulitafutia swali hilo jibu.

Tuanzie mbali kidogo. Kabla ya magari ya wagonjwa kufika milimani kwetu, mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, machela iliyobebwa mabegani na majirani kwa kupokezana. Aliyekataa kubeba leo alijua kwamba kesho huenda yeye mwenyewe akahitaji mabega ya wenzake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini mabega ya majirani yalimfikisha mgonjwa mlangoni tu. Ndani ya mlango kulikuwa na dawa, na dawa zilitaka fedha.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mfumo wa afya ulikuwa umebomoka. Wauguzi na madaktari wengi walikuwa wameuawa au kukimbia nchi. Kwa muda mfupi matibabu yalitolewa bila malipo kwa msaada wa mashirika ya nje. Misaada ilipopungua, ada za matibabu zilirejeshwa mwaka 1996, na idadi ya waliofika katika vituo vya afya ikashuka. Hapo ndipo umaskini wa mzazi ulipogeuka kuwa hatari kwa uhai wa mwanawe.

Mwaka 1999 serikali ilianzisha majaribio ya mituweli katika wilaya tatu za afya: Byumba, Kabgayi na Kabutare. Familia yenye watu wasiozidi saba ililipa faranga 2,500 kwa mwaka. Itazame hesabu hiyo kwa makini, msomaji. Familia ilihesabiwa kuwa kitu kimoja, hivyo mtoto wa nne au wa tano hakuongeza gharama. Waliojiunga walianza kwenda kituoni mara nyingi zaidi kuliko wasiojiunga, kwa kuwa hawakuwa tena na sababu ya kungoja ugonjwa uzidi. Hata hivyo, wapo ambao hawakuweza kukusanya faranga 2,500 kwa mkupuo mmoja. Katika baadhi ya maeneo, makanisa yalijitolea kuwalipia yatima na wajane. Huo ulikuwa wema mkubwa. Lakini wema hauna ratiba, na mtoto mgonjwa anahitaji kitu cha uhakika zaidi kuliko huruma ya mpita njia.

Mituweli ilipoenea nchini kote, hesabu ilibadilika. Kufikia mwaka 2006 ada ilikuwa faranga 1,000 kwa kila mtu. Kiasi hicho kinaonekana kidogo hadi ukihesabu vichwa: baba, mama na watoto watano ni faranga 7,000, mbali na malipo madogo ya kila ziara. Mkulima mwenye nusu shamba na mfanyabiashara mwenye duka mjini walitozwa sawasawa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyekuwa na uwezo hakuuona uzito wa ada hiyo. Ili kuwasaidia walio maskini kabisa, sehemu ya fedha za Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria zilitumika kuwalipia ada. Sheria iliyotungwa mwishoni mwa mwaka 2007 ikaifanya bima ya afya kuwa wajibu wa kila mkazi.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2011. Serikali ilikubali kwamba usawa wa bei si usawa wa mzigo. Ilitumia madaraja ya Ubudehe, jina lililotokana na desturi ya kale ya kulimiana mashamba kwa ushirikiano. Wanakijiji wenyewe walikaa pamoja kuamua kila kaya iko daraja gani. Wenye uwezo walitozwa faranga 7,000 kwa kila mtu, na wengi wa kati faranga 3,000. Kwa maskini kabisa ada ilikuwa faranga 2,000, nayo haikutoka mfukoni mwao: ililipwa na serikali pamoja na washirika wake. Hivyo mtoto wa fukara aliingia katika bima bila mzazi wake kuombaomba.

Je, mageuzi hayo yaliokoa uhai? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 196 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2005 walikuwa 152, mwaka 2010 wakawa 76, na uchunguzi wa 2014 hadi 2015 ukaonyesha 50. Tusiipe bima sifa zote. Chanjo, vyandarua na wahudumu wa afya wa vijijini vilifanya kazi kubwa. Lakini dawa iliyopo kituoni haimponyi mtoto ambaye mzazi wake anaogopa kufika huko.

Jirani zetu wa Burundi walichagua njia nyingine. Mwezi Mei 2006 walifuta malipo ya matibabu kwa watoto wote walio chini ya miaka mitano, pamoja na malipo ya kujifungua, katika vituo vya umma. Hapo mtoto haulizwi kama baba yake amechanga. Vituo vilijaa wagonjwa upesi, na fedha za kuvilipa vituo hivyo zilichelewa. Njia ya bure humfungulia mtoto mlango mara moja, lakini hudai hazina ya taifa isiyokauka. Njia ya mchango hujenga hazina, lakini huweza kumwacha mtoto nje.

Hatari hiyo ya pili haijatoweka kwetu. Mwaka 2015 usimamizi wa mituweli ulihamishiwa kwa Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, na mpango ukapata nguvu mpya. Hata hivyo, utaratibu wa kulipia kaya nzima ulimaanisha kwamba mzazi aliyepata fedha za watoto watatu kati ya watano hakuweza kumtibia hata mmoja. Utaratibu huo una mantiki yake: ukiruhusu kila mtu amlipie mgonjwa peke yake, mfuko utakauka. Baadaye kaya iliyokwisha kulipa robo tatu ya mchango iliruhusiwa kuanza kutibiwa huku ikimalizia deni lake. Ni nafuu, lakini anayelipia upungufu wa mtu mzima bado ni mtoto.

Kwa hiyo, msomaji, mwaka mpya wa mituweli unapoanza kila Julai, usiishie kuuliza kama nyumbani kwenu mmelipa. Zijue kaya za kijiji chako ambazo mchango wao haujatimia, na ulizungumze jambo hilo katika mkutano wa kijiji, mahali ambapo raia ana haki ya kusema. Ingobyi haikubebwa na ndugu wa mgonjwa peke yao.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Je, ni haki wenye uwezo kuchanga zaidi ya wengine? Toa sababu mbili.

2. Linganisha njia ya Rwanda na ile ya Burundi. Ipi ingemfaa zaidi mtoto wa mwaka mmoja, na kwa nini?