Umepata Mboka Nyeri? Jibu Hivi Kabla Uanze Kusherehekea

Umeitwa kazi hotelini ama kwa sacco hapo Nyeri town? Hongera. Lakini usijibu "sawa boss" kwa WhatsApp ukiwa kwa mat ya Karatina.

Tuma barua pepe siku hiyo hiyo: shukuru, taja kazi, mshahara mlioelewana na siku ya kuanza. Mwisho wa mwezi akisema mlikubaliana doo kidogo, utaonyesha nini?

Halafu itisha mkataba. Si madharau, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba ulioandikwa. Sema tu: "Asante kwa nafasi hii. Naomba nisome mkataba kabla ya kutia sahihi."

Kama unaikataa, mwambie mapema na kwa heshima. Usimpotezee simu. Huku mtapatana tu Chaka, siku ya soko.