Daftari Mbili za Mali Moja

Wazee wetu walisema ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya kweli, wala hapana mkulima au mfanyabiashara awezaye kuipinga. Lakini yafaa, ewe msomaji, tuulize swali ambalo methali haikulijibu: mali moja ikiwa na daftari mbili, na daftari hizo zikasema maneno mbalimbali, itakuwaje? Ni ipi itakayoaminiwa, nayo itaaminiwa kwa haki gani? Swali hili ni la zamani kuliko kompyuta, ingawa kompyuta ndizo zilizolifanya litufikie sisi sote, hata mwanafunzi mwenye kazi yake ya shule katika mashine mbili.

Tazama kwanza vilima vya Kericho na Bomet. Mashamba makubwa ya chai yalianzishwa huko katika miaka ya 1920, makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipokuja kutoka Uingereza na kupanda chai katika nchi ambayo Wakipsigis walikuwa wakilisha ng'ombe wao. Kwa muda mrefu chai ilikuwa mali ya mashamba hayo tu. Baada ya mpango wa kilimo wa mwaka 1954, ujulikanao kwa jina la Swynnerton, ndipo wakulima wadogo wa Kiafrika walipoanza kuipanda kwa wingi. Mwaka 1960 iliundwa halmashauri ya kuwasimamia, na mwaka 1964 mahali pake pakashikwa na ile ambayo kila mkulima huijua kwa herufi zake, KTDA.

Tangu hapo maisha ya nyumba nyingi yametegemea tarakimu chache zilizoandikwa na karani. Mkulima huchuma majani mawili na chipukizi lake, huyachukua mpaka kituoni, nayo hupimwa. Uzito huandikwa mara mbili: mkulima hupewa karatasi yake, na hesabu ile ile huenda kiwandani. Malipo ya mwezi, na malipo ya pili ya mwisho wa mwaka, yote hutoka katika hesabu hiyo. Basi karatasi hizo mbili huzaliwa pacha, tena pacha wasioweza kutofautishwa. Ugomvi huanza baada ya kuagana, kila moja ikifuata njia yake. Moja hulowa mvua. Nyingine hunakiliwa na mtu aliyechoka, tarakimu 3 ikasomwa kuwa 8. Mwisho wa mwezi zikikutanishwa, moja husema kilo 23, nyingine kilo 28. Nayo majani yenyewe yamekwisha kunyaushwa, kusagwa na kukaushwa; hayawezi kurudishwa mizanini ili yatoe ushahidi.

Wanahistoria wa pwani yetu wameonja taabu iyo hiyo. Habari za masultani wa Kilwa zimetufikia kwa nakala mbili. Moja imo katika kitabu cha Mreno João de Barros, kilichopigwa chapa mwaka 1552. Nyingine ni ya Kiarabu, nayo tunayo kwa hati iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877. Zote mbili zasema kwamba mwanzilishi wa ufalme alitoka Shirazi, lakini moja yasimulia juu ya majahazi saba, na nyingine juu ya mawili. Tena orodha zao za masultani hazipatani. Wataalamu walifanyaje? Hawakuitupa moja kwa kuwa ni ya zamani zaidi, wala nyingine kwa kuwa iliandikwa mbali. Walitafuta shahidi wa tatu. Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Kilwa, alizitazama sarafu za masultani wenyewe, na mwaka 1965 akatoa rai ya kwamba ufalme ule ulianza karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984 ikafukuliwa akiba ya sarafu huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, nazo zikawafanya wataalamu wairudishe nyuma tena tarehe ya sultani Ali bin al-Hasan hadi karne ya 11. Hivyo ndivyo nakala mbili zinavyoamuliwa na watu wenye subira.

Sasa natuje kwenye kompyuta. Tuseme kipo chama cha wakulima chenye ofisi mbili, moja mjini Kericho na moja Bomet, ambayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho mpaka mwaka 1992. Kila ofisi ina kompyuta, na katika kila kompyuta limo faili moja lenye kilo za wakulima wote. Jumatatu mafaili yako sawa. Usiku mvua yakata mawasiliano. Jumanne karani wa Kericho asahihisha hesabu ya mkulima mmoja. Karani wa Bomet, asijue lolote, aandika hesabu ya mwingine. Jumatano mawasiliano yarudi, na kila kompyuta yadai kwamba faili lake ndilo la kweli. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Vivyo hivyo mafaili mawili yenye jina moja hayakai mahali pamoja.

Jibu la kwanza ambalo wengi hulitoa ni hili: lishinde lile lililoandikwa mwisho. Jibu hili ni jepesi, nalo lina hatari mbili. Hatari ya kwanza ni saa yenyewe. Wewe wajua ya kuwa kwetu saa mbili asubuhi huandikwa 8 katika hesabu ya Kizungu, na mgeni asiyejua atakosea kwa saa sita nzima. Hata serikali hazikupatana upesi: kabla Kenya haijatulia kwenye saa tatu mbele ya Greenwich, ilipata kutumia saa mbili na nusu, kisha saa mbili na dakika 45. Na saa ya kompyuta, betri yake ikifa, yaweza kurudi nyuma miaka mingi. Hatari ya pili ni kubwa zaidi: hata saa zikiwa sawa, aliyeandika mwisho hakumsahihisha mwenzake, maana hakuiona kazi yake. Faili lake likishinda, kazi ya mwenzake hufutika kimya kimya, na hapana atakayejua mpaka mkulima aje kudai.

Mwaka 1978 mtaalamu Mmarekani, Leslie Lamport, alionyesha njia ya kulitazama jambo hili upya. Tusiulize tu, alisema kwa maana, ilikuwa saa ngapi. Tuulize ni tendo gani lililoweza kujua habari za tendo gani. Mwaka 1983 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakaeleza hesabu iliyo rahisi kama kuhesabu kokoto. Kila nakala ichukue idadi ya mabadiliko yaliyofanywa katika kila mahali. Jumatatu nakala zote mbili zilisema: Kericho 4, Bomet 2. Jumanne nakala ya Kericho ikasema 5 na 2. Ya Bomet ikasema 4 na 3. Zilinganishe. Laiti Bomet ingalibaki 4 na 2, tungalijua kwamba Kericho imeizidi tu, na nakala yake ichukuliwe bila shaka yoyote. Lakini hapa kila moja inacho kitu ambacho mwenzake hana. Hapana mkubwa wala mdogo. Pana mgongano, nao umejulikana bila kuitazama saa hata mara moja.

Kuujua mgongano si kuumaliza. Njia moja ni kuzihifadhi nakala zote mbili. Ndivyo ifanyavyo Dropbox, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2008: nakala ya pili huachwa kando ya ya kwanza, ikiwa na jina lionyeshalo kwamba ni ya mgongano, na kumwachia mwenyewe aamue. Programu iitwayo Unison, iliyotungwa chini ya Profesa Benjamin Pierce wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, hukataa kubahatisha. Penye mabadiliko ya pande mbili husimama na kumwuliza mtu.

Njia nyingine ni kuzichanganya. Hapa siri yake ni kuitunza nakala ya tatu, yaani ile ya Jumatatu, iliyo mzazi wa zote mbili. Mwenye nakala mbili tu huona kwamba zinatofautiana, asijue nani aliyebadilisha. Mwenye mzazi wao huona mara moja: mstari huu ulibadilishwa Kericho, na ule Bomet, mistari si mmoja, basi yote miwili na ichukuliwe. Git, programu iliyoanzwa na Linus Torvalds mwaka 2005 na kutumiwa leo na waandishi wa programu duniani kote, hufanya hivyo. Lakini makarani wote wawili wakiugusa mstari ule ule, mmoja akaandika 28 na mwingine 32, nayo husimama, huweka alama, na kumngoja binadamu.

Nakala ya mzazi hutufaa pia katika jambo lililo gumu kuliko yote, nalo ni ukimya. Jina la mkulima limo katika faili la Kericho, halimo katika la Bomet. Je, ni mkulima mpya ambaye habari zake hazijafika Bomet, au ni aliyeuza shamba naye Bomet wamemfuta? Nakala mbili peke yake haziwezi kujibu. Ukikosea upande mmoja, mkulima halali hukosa malipo yake; ukikosea upande wa pili, fedha hulipwa kwa jina la mtu asiyechuma hata jani. Ile nakala ya Jumatatu hujibu kwa neno moja: kama jina lilikuwamo, limefutwa; kama halikuwamo, limeongezwa.

Msomaji wangu, huenda wewe huna kituo cha chai cha kusimamia. Lakini siku moja utakuwa mwalimu mwenye alama za wanafunzi katika kompyuta ya shule na ya nyumbani, au mweka hazina wa chama, au mwuguzi mwenye orodha ya wagonjwa. Basi shika mambo haya. Kabla ya kuondoka kwenye mashine moja, hakikisha kwamba kazi yako imekwisha kufika katika ile ya pili. Mgongano ukitokea, usifute nakala yoyote mpaka umezisoma zote mbili, mstari kwa mstari. Itafute nakala ya mwisho ambayo zote mbili zilipatana. Mahali ambapo mistari haigusani, zichanganye. Mahali inapogombana, usibahatishe, wala usichague ile iliyo ya mkubwa wako, bali mwite aliyeandika na uombe kuiona karatasi yake. Kisha andika ni nani aliyeamua, na kwa ushahidi gani.

Leo katika vituo vingi vya chai uzito hutoka mizanini ukaingia katika chombo cha elektroniki, na makosa ya kunakili kwa mkono yamepungua. Hata hivyo mkulima bado hupewa karatasi yake, nayo haipasi kutupwa. Ikiwa hesabu ya mashine itakataa, karatasi hiyo ndiyo sarafu ya Kilwa, ndiyo shahidi wa tatu. Na karani mwaminifu ataipokea, ataisoma, na kuisahihisha daftari yake mbele ya mkulima mwenyewe.